Ujumbe Aliokataa Kuufuta

Vingunguti saa mbili asubuhi hakuna anayesema kwa sauti ndogo. Madalali wa mbuzi wanabishana, wachinjaji wanapita na mabuti yao meupe, matoroli yanadai njia, na katikati ya zogo lote hilo Mama Mauwa, mtu wa Lindi, anachota supu ya kongoro kwa utulivu kama yuko sebuleni kwake. Banda lake ni la mabati ya bluu, mkono wa kushoto wa lango la machinjio, na ukifika saa tatu umechelewa. Mie mwenyewe nimewahi kurudi na njaa yangu.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne, kwenye benchi la Mama Mauwa, alikuwepo dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe, na nywele za twende kilioni zilizosukwa jana yake. Jina lake Sekela, mwandishi wa Kitongoji FM, mtoto wa Mbeya aliyehamia kwa dada yake huko Madale. Supu ilikuwa inapoa mbele yake kwa sababu ya simu.

"Hapokei!" alimlalamikia Mama Mauwa. "Mara ya nne leo. Huyu afande wa dawati la habari, sijui simu walimpa ya nini. Labda anapigia pasi nguo."

Pembeni yake alikaa kaka mmoja mrefu, shati jeupe limenyooka kweli, suruali ya kadeti, anamega chapati bila haraka. Simu yake ilikuwa imelazwa kifudifudi kwenye benchi kati yao wawili. Sekela akapiga tena. Simu ile ikatetemeka. Sekela akakata, ikanyamaza. Akapiga, ikatetemeka. Mama Mauwa aliacha upawa ndani ya sufuria akawatazama.

"Kaka," Sekela alisema taratibu, "simu yako inaita."

"Naisikia."

"Na hupokei?"

"Nakula, dada yangu."

"Ehee! Kumbe ni wewe! Wasikilizaji wangu tangu jana wanataka kujua kwa nini barabara ilifungwa, na wewe unakula chapati!"

Yule kaka aligeuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akatabasamu. "Sauti hii naijua. 'Ni mimi Sekela Mwakalobo, kutoka eneo la tukio.' Kila asubuhi nakusikiaga nikinyoa ndevu."

"Na kupokea hupokei."

"Nikipokea utaniuliza nisichoruhusiwa kujibu."

"Basi sema huruhusiwi! Nyie mkikaa kimya, mtaa unajaza wenyewe. Tangu jana nimeshasikia maiti kumi, nimesikia bomu, nimesikia chui katoroka."

Anselmo, maana ndilo jina lake, alicheka mpaka akaweka chapati chini. "Chui! Lilikuwa lori la mitungi ya gesi limepinduka. Hakuna hata aliyechubuka."

"Umeona? Sekunde tano tu. Chui kafa."

"Afande," Mama Mauwa aliingilia huku akimwongezea Sekela supu ya moto bila kuombwa, "mpe binti namba unayopokeaga."

Anselmo alikuwa nayo. Mfukoni alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe, chenye namba wanayoijua baba yake, Mzee Gervas, na watu wengine watano. Sekela akawa wa saba.

Wiki ya kwanza walizungumza kazi. Ya pili kazi ikapungua. Ya tatu, jamani, tusidanganyane.

"Haloo, Afande."

"Kwenye namba hii hakuna afande."

"Yupo nani?"

"Yupo Anse. Mtoto wa mchonga vinyago, Mbagala, anayekula wali wa jana peke yake."

"Maskini weeh. Huna wa kukupikia?"

"Upelelezi unaendelea."

"Una washukiwa wangapi?"

"Mmoja. Anavaa raba nyeupe."

Sekela aliuma khanga asicheke kwa nguvu, maana dada yake Apolonia, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa chumba cha pili anasahihisha madaftari na masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Jumapili moja Anselmo alimpeleka Mbagala kumsalimia mzee. Mzee Gervas alikuwa uani, vumbi jeusi la mpingo limemjaa mpaka kwenye nyusi. Sekela alipiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Kwa hiyo ndiye wewe unayempigia kelele redioni." Wakati wa kuondoka Anselmo alimpa chanuo la mpingo alilolichonga kwa mkono wake mwenyewe, jino moja limekaa upande. Sekela alilichomeka kichwani palepale.

"Sekela," Anselmo alimwambia kituoni, "nakupenda."

Mdomo wa binti wa watu uliutangulia moyo. "Habari hizo bado hazijathibitishwa," alijibu kwa sauti ya redioni.

"Zithibitishe basi."

"Kitongoji FM haikurupuki, Anse wangu."

Walikuwa wanabishana pia, na walipenda kubishana. Sekela alimkatalia kumwita mtu jambazi wakati hakimu hata hajamwona. Anselmo alimkatalia kutaja rangi ya nyumba ya mtu aliyeibiwa. "Ninyi mnataka vyote," alimwambia. "Nyie hamtaki kutoa hata kimoja," Sekela alimrudishia. Halafu wanakula mahindi ya kuchoma, gunzi moja, huyu anamega huku na yule kule.

Mwezi wa sita likatokea jambo. Kijana wa bodaboda aitwaye Allen alipigwa nondo alfajiri nyuma ya ukuta wa machinjio, pikipiki ikachukuliwa, yeye akaachwa hajitambui. Watu walisimulia mengi, lakini aliyeona kwa macho alikuwa mmoja. Mama Mauwa alikuwa anawasha moto wa supu. Aliyeshika nondo alikuwa mteja wake, mtu wa kuja kila Ijumaa kunywa supu na kumwita mama.

Sekela alifika bandani asubuhi akamkuta Anselmo amechuchumaa nyuma ya sufuria pamoja na mwenzake wa upelelezi, Petro, aliyekuwa anaandika. Mama Mauwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Anselmo alisimama haraka akamvuta Sekela pembeni.

"Sekela, ulichokiona hapa..."

"Nimeona nini? Nimekuja kunywa supu."

"Huyo mtu hatujamkamata. Akijua nani kamwona, mama huyu hana ukuta, hana mlango. Ana mabati."

"Anse, nimekuelewa. Lakini msikae kimya basi. Waambieni watu tukio lipo, majeruhi yuko hospitali, anayeijua pikipiki apige namba hii. Mtaa unahangaika."

"Leo jioni nitaandika. Kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yao," alisema Sekela, lakini alifurahi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lilikaa hapa. Katika ofisi ile, ambayo siitaji, Anselmo alikuwa na kawaida ya kuandika taarifa mbili kwa simu. Kulikuwa na ya ndani, yenye kila kitu, anayomtumia Kamanda. Kulikuwa na ya nje, iliyochujwa, anayoipeleka kwenye kundi la WhatsApp la polisi na wanahabari, watu mia moja arobaini na tatu. Jina la Kamanda na jina la kundi vilikaa juu kabisa kwenye simu yake, kimoja juu ya kingine. Saa kumi na moja jioni, Kamanda akiwa anamwita kwenye kikao, Anselmo aliituma ya ndani. Kidole kilishuka mstari mmoja.

Aliliona kosa lake baada ya sekunde arobaini. Akafuta kwa wote, akaangalia, pakabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Akashusha pumzi, akatuma ya nje kama vile hakuna kilichotokea, akaacha kitochi kwenye droo maana Kamanda hapendi simu binafsi, na ile ya kazi akaizima sauti akaingia kikaoni. Kwa Kamanda hakusema. Aliona aibu, na aibu ilimfanya mjinga.

Sekela alikuwa ameusoma. Alikuwa studio, simu mkononi, ukaingia mbele ya macho yake: shahidi ni mwanamke muuza supu, banda la bluu, kushoto mwa lango. Ulipofutwa alisema "asante Mungu" kwa sauti. Halafu akasikia kicheko mlangoni.

Alikuwa Brightson, mwenye kituo cha mtandaoni kiitwacho Mbashara, anayepanga chumba cha pili katika jengo hilohilo. "Afande kafuta," alisema akitikisa simu. "Mie sifutiwi, bwana. WhatsApp yangu hii nimeishusha kwa jamaa wa Kariakoo, siyo ya kawaida. Mtu akifuta, kwangu inabaki. Ona!"

Ilikuwa palepale, nzima, neno kwa neno.

"Brightson, usiitoe hiyo. Huyu mama ataumia."

"Sijamtaja jina, sista. Nitasema tu mama supu."

"Mabanda ya bluu yako mangapi pale? Brightson, nakuomba. Nakuomba kama ndugu yangu."

"Acha hizo. Hii ishu ikitoka, watu laki moja wanaangalia kabla ya chakula cha usiku."

Sekela alipiga simu ya kazi ya Anselmo mara tatu. Alipiga kitochi mara tatu. Kitochi kililia ndani ya droo hadi kikachoka. Hakuthubutu kuandika, maana lililoandikwa siku hiyo lilikuwa limeshatosha. Alivua viatu vya studio, akavaa raba, akachukua boda mpaka Vingunguti.

Mama Mauwa alikuwa anasugua sufuria. Alimsikiliza Sekela mpaka mwisho, mikono ndani ya povu.

"Nani kanisema?"

Sekela angeweza kusema sijui. "Polisi, mama. Kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ya nani?" Alijikausha mikono. "Nilimwambia yule kijana kwa sababu ni wa kwetu kusini. Nilimwambia yeye na yule mwenzake tu. Sasa sikia binti yangu, nitakwenda unakonipeleka, lakini polisi yeyote asijue nilipo. Yeyote. Niapie."

"Hata Anselmo?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Sekela aliinua kidole juu. "Haki ya Mungu, mama. Sisemi mpaka uniambie mwenyewe."

Jua lilipozama Mama Mauwa alikuwa amekaa kwenye kochi la mwalimu Apolonia huko Madale, juu ya kilima, akilalamika kwamba majani ya chai ya nyumba ile ni ya kuonea huruma. Wakati uleule Brightson alirusha habari yake: MAMA SUPU WA BANDA LA BLUU AONA KILA KITU. Alitia na alama za moto tatu.

Saa moja jioni simu ya Sekela iliita. Alitoka nje kwenye kamba ya nguo.

"Sekela, umefanya nini?" Sauti ya Anselmo ilikuwa imekwaruza.

"Anse, nimekupigia mara sita..."

"Mwandishi aliyemwona Mama Mauwa akilia ni wewe peke yako! Peke yako!"

"Uliituma mwenyewe kundini."

"Nikaifuta! Sekunde arobaini!" Kisha sauti ikashuka. "Kumbe uliisoma."

"Niliisoma. Sikuwahi kukudanganya, siwezi kuanza leo. Niliisoma na sikumwonyesha mtu."

"Basi nani? Malaika? Nimefika bandani, pamefungwa, sufuria zimefunikwa. Wachinjaji wananiambia dada mwenye raba nyeupe kamchukua. Yuko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Neno moja, Madale, lingemsafisha. Sekela alilishika chanuo lake la mpingo, akakumbuka mikono yenye povu.

"Yuko salama. Siwezi kukwambia alipo."

"Sekela, jamaa tumemkamata saa moja iliyopita. Bila mama kumtambua kwenye gwaride, Jumatatu anatoka kwa dhamana, na Allen bado anapumulia mashine. Unamficha shahidi! Unajua naweza kukuita kituoni?"

"Niite. Nitakuja. Nitakaa hapo nikutazame, na bado sitasema."

"Nilijua unapenda kazi yako," alisema Anselmo polepole. "Sikujua unaipenda kuliko watu."

Simu ikakatwa. Sekela alikaa chini palepale juu ya majani, akalia kama mtoto aliyesingiziwa kuvunja kikombe. Mama Mauwa alimtazama kupitia wavu wa dirisha, akarudi ndani, akafanya kuwa hakuona. Alikuwa na hofu yake, na hofu ile ilikuwa haki yake.

Siku tatu hawakuzungumza. Petro alimshauri Anselmo wamfuate binti kwa hati, Anselmo akasema subiri, na hakuweza kueleza anasubiri nini. Wali wake wa jana ukawa wa juzi. Mzee Gervas alimuuliza, "Yule mpiga kelele yuko wapi?" Mwanawe akajibu, "Baba, niache."

Sekela naye aliomba kazi za ndani, akawa anasoma matangazo ya vifo na minada. Chanuo alilitia kabatini Jumatano. Alhamisi akalitoa. Ijumaa akalitia tena.

Ijumaa hiyohiyo saa nne asubuhi wanahabari waliitwa kituoni. Kamanda alikuwa na safari, taarifa angeisoma Anselmo. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wakati wapiga picha wanafunga vipaza sauti mezani, Brightson alimsogelea na kunong'ona.

"Afande, ile uliyofuta ilisema banda la bluu. Nimeenda, mama hayupo. Kahamia wapi?"

"Ulisoma kabla sijafuta?"

"Wala! Nilikuwa kwenye boda. Nimefika naikuta umeshaifuta." Akatoa simu, kwa fahari kabisa, akamwonyesha. Maandishi ya Anselmo yalikuwa pale, na chini yake alama ndogo kwamba mwenyewe alikwishayafuta. "Hii haifutiki kwangu."

Anselmo aliisoma mara mbili. "Na Sekela?"

"Sekela? Alinishika shati nisiitoe. Karibu alie. Mie nikamcheka." Brightson alikuna kisogo. "Kusema kweli, tangu nisikie mama kapotea, sijalala vizuri."

Kilomita nyingi kutoka hapo, kwenye kilima cha Madale, redio ya mwalimu Apolonia ilikuwa wazi. Mama Mauwa anachambua mchele, Sekela amejilaza kwenye kiti, siku ya mapumziko, hana hamu ya kitu. Sauti ya Anselmo ikaingia sebuleni. Alisoma taarifa ya kawaida: mtuhumiwa mmoja anashikiliwa, majeruhi ameanza kufumbua macho. Alisema mtuhumiwa, hakusema jambazi. Sekela aliketi wima.

Kisha karatasi ikasikika ikikunjwa.

"Jambo la mwisho halimo kwenye taarifa. Jumanne maelezo ya shahidi yalifika mtandaoni. Mtaani wanasema yalivuja. Hayakuvuja. Niliyatuma mimi, Anselmo Nandonde, kwa mkono wangu, kwa haraka, mahali pasipo pake. Nikafuta, nikanyamaza, nikidhani kufuta kunatosha. Ningesema saa ileile, tungemlinda mtu. Nimeshamwandikia Kamanda. Namwomba radhi mama yule popote alipo. Nanyi waandishi, hii ndiyo ahadi yangu, mnisikie hapa tena au msinisikie: tunachoweza kusema tutasema mapema, na kwa wote. Tusichoweza, tutawaambia hatuwezi, na kwa nini. Lakini mtu aliyetuamini akatueleza alichoona, huyo si habari. Yuko miongoni mwenu mwandishi aliyelijua hilo kabla yangu. Nilimtukana. Naye namwomba radhi."

Apolonia, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, aliacha kalamu.

"Kajitaja mwenyewe?" aliuliza Mama Mauwa.

"Kajitaja, mama."

"Redioni? Na cheo chake je?"

"Wanaweza kukichukua."

Mama Mauwa alipepeta mchele mara mbili, tatu, akaweka ungo chini. "Haya. Nimekufungua kiapo. Mpigie. Mwambie aje peke yake na asivae hizo nguo zake. Na aje na majani ya chai."

Kitochi kilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Haloo."

Sekela alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga kwa siku tatu, yote makali. Yote yakakimbia. "Anse," alisema, "una wali?"

"Una siku tatu, umechacha. Sekela, nisamehe. Nisamehe mpenzi wangu."

"Njoo Madale. Utaelekezwa njiani. Usikate simu."

Hakukata. Alikuja akihema kwenye ule mlima, shati lake jeupe limeshika udongo mwekundu, paketi mbili za majani ya chai kwapani, kitochi sikioni. Alipomwona Mama Mauwa barazani alichuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Mama Mauwa alimwacha akae hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Marahaba. Ulinitia woga, baba. Nimeacha sufuria zangu, nimelala nyumba ya watu."

"Sina cha kujitetea, mama."

"Ndivyo ninavyotaka. Ungejitetea ningekufukuza." Akachukua majani ya chai, akayanusa. "Huyo mtu nitamtambua. Lakini asinione."

"Hatakuona. Kuna kioo, wewe unamwona, yeye anajiona mwenyewe. Nitasimama mlangoni."

"Sawa. Sasa nenda kwenye kamba ya nguo, kuna mtu anakausha shati lilelile tangu asubuhi."

Sekela alikuwa kweli ameshika shati la Apolonia lililokauka zamani. Chanuo lilikuwa kichwani. Walitazamana.

"Ulikubali nikuone mbaya," alisema Anselmo. "Neno moja tu ungesema."

"Lilikuwa la mama, si langu."

"Nilikwambia unapenda kazi kuliko watu."

"Uliniumiza, Anse. Usinirudie na maneno kama yale. Hata ukikasirika vipi."

"Sirudii." Alimshika mkono. "Mimi ndiye niliyependa kazi yangu. Niliogopa kumwambia Kamanda nimekosea, nikaona rahisi kukukosea wewe."

Sekela aliweka paji la uso kifuani kwake, kwenye lile shati lenye udongo, na kulia kulikobaki kukaishia hapo. Dirishani wanawake wawili walishusha pazia kwa heshima, wakaacha upenyo mdogo wa kuchungulia.

Mama Mauwa alimtambua mtu wake Jumamosi, mara moja, bila kusita. Kesi ikaenda mahakamani. Allen alitoka hospitali na magongo mawili na hasira nyingi. Banda likahamia upande wa kulia wa lango na kupakwa rangi ya kijani. Anselmo cheo hakunyang'anywa, lakini dawati la habari walimwondoa, wakampeleka usalama barabarani, Mbagala, akasimame juani na filimbi. Alisema amestahili. Kundi lile la watu mia moja arobaini na tatu alitakiwa kumkabidhi Petro siku ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana.

Saa sita kasoro dakika tano Sekela alikuwa chumba cha habari, anakula embe. Simu ikalia kundini. Ujumbe wa mwisho wa Afande Anselmo.

"Sekela, barua ya posa ameibeba Mama Mauwa, atafika Madale leo saa nane. Baba amesema mshenga mwanamke hajawahi kumwona, nami nimemwambia huyu ndiye shahidi ninayemwamini. Nakupenda. Naogopa kuliko ile siku ya kioo cha gwaride. Ukikubali usinijibu kwa kimya."

Embe lilianguka. Sekela alipiga kitochi kwa vidole vinavyonata.

"Anse! Umetuma kundini! Kundini! Futa!"

"Najua nilikotuma. Kidole nimekiangalia mara tatu."

"Futa basi, watu wanasoma! Kamanda yumo humo!"

"Ile niliifuta kwa kuwa ilimweka mtu hatarini. Hii inamdhuru nani?"

"Inanidhuru mie! Naona aibu!" Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na chumba kizima cha habari kilikuwa kimesimama kumtazama.

Kundini Brightson alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Aliandika: "Afande, samahani, taarifa hii ni ya ndani au ya nje?"

Anselmo akajibu: "Ya nje. Kwa wote."

Halafu watu mia moja arobaini na tatu wakanyamaza, Kamanda akiwemo. Kila mmoja alikuwa anaangalia juu ya kioo cha simu yake, ambako paliandikwa kwamba Sekela wa Kitongoji FM anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akafuta maji ya embe kwenye gauni, akavuta pumzi, akatuma.

"Habari hizi zimethibitishwa."